Siku Sita na Mkate Mmoja: Nani Anasoma Neno Kama Lilivyo?

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu wasiojuana, lakini ukizisoma kwa mfululizo utadhani walikaa kikao. Wote wanauliza juu ya kuyachukua Maandiko neno kwa neno. Mmoja ana mtoto shuleni, mwingine ana ndoa inayokuja, wa tatu ana hofu na sisi wachungaji. Barua nyingine nimeziweka kando ili hizi zipate nafasi.

MWANANGU AMEPATA SIFURI

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mwanangu yuko Kidato cha Kwanza. Kwenye mtihani wa Historia waliulizwa Laetoli inajulikana kwa kitu gani. Hakujibu, ila aliandika "Mwanzo 1:27" kwenye nafasi ya jibu. Mwalimu kampa sifuri, na yeye anaona ameteswa kwa ajili ya imani. Kiongozi wao wa vijana kanisani aliwaambia kuwa anayekubali hayo mamilioni ya miaka ya zile nyayo za Laetoli ameshamkana Mungu. Baba yake anasema mtoto ana kiburi. Mimi nimekaa katikati. Je, Mungu aliumba kwa siku sita au hakuumba kwa siku sita? Na huyu mtoto nimwambie nini? (Mama, Karatu)

Amina, mama. Nianze na kijana, maana yeye ndiye anayeumia. Asichekwe nyumbani, na baba yake asimwite mwenye kiburi. Mtoto aliyekubali kupata sifuri kwa ajili ya anachokiamini ana moyo ambao sisi tunauombea kila siku kwenye madarasa ya kipaimara. Aliyekosea ni mtu mzima aliyemwambia achague moja, Laetoli au Mungu.

Kanisa la kale halikuwabana watu wake hivyo. Origene, aliyefundisha Aleksandria na Kaisaria katika karne ya 3, aliuliza wazi: ni mtu gani mwenye akili atakayedhani kwamba siku ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa na jioni na asubuhi bila jua, mwezi wala nyota? Maana jua, kumbuka, linawekwa siku ya nne. Augustino wa Hipo alianza mwaka 401 hivi kuandika juu ya Mwanzo kwa maana yake halisi, akamaliza mwaka 415 hivi, vitabu 12. Kazi yote hiyo ikamfikisha kwenye kuamini kwamba Mungu aliumba vyote kwa mara moja, na kwamba siku zile sita si siku hizi zetu za jua kuchomoza na kutua. Akawaonya pia Wakristo wanaoshika Biblia mkononi na kubishana juu ya nyota na dunia na watu wanaozijua kweli. Alisema hao wasioamini wakituona tunakosea katika mambo wanayoyafahamu, hawatatusikiliza tutakapowaambia habari za ufufuo. Upande wa pili alikuwepo Basili wa Kaisaria, ambaye katika mahubiri yake ya uumbaji alisema akisikia majani anaelewa majani, akisikia samaki anaelewa samaki. Basili na Augustino wote Kanisa linawaita baba zake hadi leo.

Sasa fanya hivi, mama. Usihubiri. Keti na mwanao mezani, yeye awe na Biblia na wewe uwe na kalamu na karatasi. Chora mistari miwili iliyokabiliana. Siku ya kwanza nuru, mkabala wake siku ya nne mianga. Siku ya pili anga na maji, mkabala wake siku ya tano ndege na samaki. Siku ya tatu nchi kavu na mimea, mkabala wake siku ya sita wanyama na mwanadamu anayeipokea ile mimea iwe chakula chake. Siku tatu za kuandaa makao, siku tatu za kuyajaza. Ukimaliza, mwambie asome sura ya pili polepole, kuanzia aya ya 5. Mche wa kondeni bado haujakuwapo, aya ya 7 mtu anafinyangwa, kisha bustani inapandwa, na wanyama wanaletwa baadaye, aya ya 19, Adamu awape majina. Mpangilio umegeuka. Aliyeziweka sura hizi mbili bega kwa bega aliziona kama tunavyoziona sisi, na hakuona haja ya kuzisawazisha, kwa sababu hakuwa anaandika ratiba. Hakuna anayesoma utenzi kama anavyosoma risiti ya dukani, na anayefanya hivyo hamheshimu mtunzi.

Tena angalia lile jua. Sura ya kwanza hailitaji hata kwa jina, inasema "ule mkubwa utawale mchana". Iliandikwa katikati ya mataifa yaliyoliabudu jua na kuusujudia mwezi, nayo inasema hivyo ni vitu, vimewekwa na Mungu, vifanye kazi ya kuangaza. Hayo ndiyo mahubiri ya sura ile, na ni makali kuliko hesabu yoyote ya saa.

Kuhusu Laetoli yenyewe, iko kwenu huko, upande wa Ngorongoro. Timu ya Mary Leakey ilizifukua mwaka 1978: nyayo za waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua, msafara wa meta 27 hivi, majivu yakagandamana na mengine yakaja kuyafunika. Umri wake ni zaidi ya miaka milioni 3.6, na haukubuniwa na mtu asiyempenda Mungu. Ndani ya mwamba wa volkano kuna potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hugeuka kuwa gesi ya argoni kwa mwendo unaojulikana. Mwamba ukiwa umeyeyuka, gesi hutoroka. Ukishaganda, huanza kujikusanya ndani. Wanaopima hupima kilichokusanyika, basi. Kijana akilijua hilo hajaikana hata aya moja.

Ile miaka 6000 inayotetewa na kiongozi wao, mwambie aitafute imeandikwa wapi. Hataipata. Ni jumla ya vizazi, na hesabu iliyovuma kuliko zote ni ya Askofu Mkuu James Ussher wa Armagh, Ireland, aliyetangaza mwaka 1650 kwamba uumbaji ulikuwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Baadaye tarehe hizo zilichapishwa pembeni mwa kurasa za Biblia za Kiingereza, watu wakazoea kuziona kama Neno lenyewe.

Umeniuliza wazi na sitakukwepa. Naamini Mungu ndiye aliyeumba vyote, na hapana kitu kilichopo bila yeye. Siamini kwamba sura ile ilikusudiwa kutuambia ni kwa saa ngapi. Martin Luther, ambaye kanisa langu linabeba jina lake, alifundisha kwamba zilikuwa siku sita za kawaida. Namheshimu sana, na hapo siko naye. Mwanao akijibu swali la Laetoli mtihani ujao kama alivyofundishwa, bado anaweza kusimama Jumapili na kuikiri Mwanzo 1:27 kwa sauti yake yote. Na huyo kiongozi wa vijana, mwende mkamwone, wewe na baba wa mtoto, faragha. Mwulizeni kwa upole ni wangapi kati ya vijana wake wataacha kanisa siku wakifika chuo kikuu na kugundua kwamba walilazimishwa kuchagua bure. Nimewazika wazazi wengi waliokufa wakimlilia mtoto wa namna hiyo.

MCHUMBA WANGU ANACHEKA SIKU SITA, LAKINI ANAPIGIA MKATE GOTI

Shikamoo, Mchungaji. Mimi ni Msabato wa kuzaliwa, mchumba wangu ni Mkatoliki. Nikisema Mungu aliumba kwa siku sita anacheka, anasema hiyo ni lugha ya picha. Lakini Jumapili anapiga goti mbele ya mkate na kusema ni Yesu mwenyewe, kwa sababu imeandikwa "huu ndio mwili wangu". Nikimwambia hapo ndipo penye lugha ya picha, anakasirika kweli. Kati yetu nani anasoma Biblia kama ilivyo? Na tukioana tutakula meza ipi? (Binti, Musoma)

Marahaba, binti yangu. Nyote wawili mnasoma kama ilivyo, na nyote wawili mnasoma kwa picha. Mmebadilishana mahali tu. Na kila mmoja ana sababu nzito mahali aliposimama, ambayo mwenzake hajawahi kuisikiliza mpaka mwisho.

Yako ni hii, na ningependa aisikie. Kwa Msabato siku sita si ushabiki wa hesabu. Amri ya Sabato katika Kutoka 20:11 imejengwa juu yake: kwa siku sita Bwana alifanya mbingu na nchi, akastarehe siku ya saba. Siku zikiwa picha, na pumziko la siku ya saba nalo litakuwa nini? Ndiyo maana mwaka 2015, kwenye mkutano mkuu wa San Antonio, Marekani, kanisa lenu liliandika upya imani yake ya uumbaji ili isomeke wazi zaidi kuwa ni siku sita halisi. Anayelicheka hilo anaigusa Sabato ya mama yako mzazi, na mwambie hivyo.

Yake ni hii. Katika Yohana 6 Bwana alisema msipoula mwili wake na kuinywa damu yake hamna uzima ndani yenu. Wengi wakaona neno ni gumu, aya ya 66 inasema wakarejea nyuma. Hakuwakimbilia kuwaambia, "Rudini, nilisema kwa mfano." Aliwageukia wale Thenashara akawauliza kama nao wanataka kuondoka. Mkatoliki anasimama hapo pamoja na Petro, na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wao, mwaka 1551 ulilitamka kwa ukali: mkate na divai hugeuzwa kuwa mwili na damu kweli. Kanisa hilohilo, katika Katekisimu yake, linafundisha kwamba Maandiko yanaionyesha kazi ya Muumba kwa ishara, kama siku sita za kazi. Tena padre wake mmoja, Georges Lemaître wa Ubelgiji, ni kati ya watu wa kwanza kabisa kueleza, mwaka 1927, kwamba ulimwengu unatanuka. Kwa hiyo mchumba wako hajabuni kitu, amelelewa hivyo.

Ukitaka kumwonyesha kwamba Wasabato nanyi mnalishika neno kama lilivyo hata mezani, mpeleke Yohana 13:14, "imewapasa vivyo kutawadhana miguu ninyi kwa ninyi". Kwenu, kabla ya Meza ya Bwana, mnachukua beseni na taulo na mnatawadhana, washiriki wote. Kwao padre hufanya hivyo Alhamisi Kuu. Sisi Walutheri wengi tunalihubiri andiko hilo bila kugusa maji. Andiko ni moja, amri iko wazi kuliko ile ya kung'oa jicho, na bado kila nyumba imeamua kivyake. Nani basi atamnyoshea mwenzake kidole?

Ugomvi wenu una umri mkubwa. Oktoba 1529, Filipo, mtawala wa Hesse, aliwaita Luther na Ulrich Zwingli wa Zürich kwenye ngome yake ya Marburg, Ujerumani. Alitaka Waprotestanti wawe kitu kimoja, maana Kaisari alikuwa anawakaribia. Luther aliandika kwa chaki juu ya meza, kwa Kilatini, "huu ndio mwili wangu", akayafunika maneno kwa kitambaa. Alipobanwa atoe andiko, akakifunua. Zwingli naye hakuwa mtu wa kudharau Biblia, alikuwa ameshika Yohana 6:63, "Roho ndiyo itiayo uzima, mwili haufai kitu", akasema mkate unaashiria mwili. Kati ya hoja 15 walikubaliana 14. Hata katika ya 15 walielewana karibu yote, isipokuwa hilo moja: kama mwili wa kweli umo. Zwingli alitokwa machozi akitamani waitwe ndugu. Luther akamnyima mkono wa udugu. Miaka miwili baadaye Zwingli aliuawa vitani huko Kappel. Makanisa ya Kilutheri na ya Reformed, yaani ya njia ya Zwingli na Kalvini, ya Ulaya yalikuja kukubaliana kushiriki meza moja mwaka 1973, huko Leuenberg, Uswisi. Hesabu mwenyewe: miaka 444. Inaniuma kila ninapoifundisha, na mimi ni wa upande wa yule aliyekataa kutoa mkono.

Maana katika hili la mkate niko na Luther. Ninaamini ni mwili wake na damu yake kweli, chini ya mkate na divai, kama Katekisimu Ndogo yake inavyosema. Ninapowapelekea wagonjwa Chakula cha Bwana nyumbani nabeba kasha dogo: kikombe cha urefu wa kidole gumba, hostia chache, chupa ya divai. Bibi mmoja wa usharika wetu, masikio yake yalikuwa yamechoka, alinishika kiwiko nilipofika kwenye maneno yale, akasema, "Rudia, sijasikia." Nikarudia. "Rudia." Alichokuwa anangoja ni "kwa ajili yako". Alipokisikia akafungua kinywa. Hakuniuliza mwili unaingiaje kwenye mkate, na sikuwa na maelezo ya kumpa, nilikuwa na ahadi tu.

Sasa la meza. Kanisa Katoliki kwa kawaida halitakupa Komunyo, wala halitamruhusu yeye apokee kwenu, hata kama meza ya Wasabato iko wazi kwa kila anayemwamini Yesu. Ili afunge nawe ndoa kanisani kwake atahitaji ruhusa ya Askofu wake, na ataahidi kufanya awezalo watoto wabatizwe kwao. Kwenu watoto wachanga hawabatizwi, na ndoa ya Msabato na asiye Msabato viongozi wenu hawaipendi. Jumamosi yako na Jumapili yake zitakutana ndani ya chumba kimoja. Haya yote si ya kuyagundua baada ya harusi. Nendeni wote wawili kwa padre, kisha wote wawili kwa mchungaji wenu, kabla mahari haijapelekwa. Na tangu leo yeye aache kucheka, nawe uache kumkejeli anapopiga goti. Akishindwa hilo moja wakati wa uchumba, nakusihi kama mzazi, usiendelee.

MPAKA NI WAPI?

Mchungaji, nyinyi mliosoma vyuo mkianza na Adamu hamwishii hapo. Leo mnasema siku si siku. Kesho mtasema kaburi halikuwa wazi. Mpaka ni wapi? (Mzee wa kanisa, Njombe)

Mzee wangu, hofu yako ina msingi, na wanaoibeza hawajui historia. Rudolf Bultmann, Mlutheri na profesa wa Agano Jipya katika mji uleule wa Marburg, alitoa mhadhara mwaka 1941 akitaka Injili ivuliwe kile alichokiita hekaya, na ufufuo akautoa kwenye orodha ya matukio ya historia. Wachungaji wengi wa Ulaya walimfuata. Mimi simfuati.

Mpaka unawekwa na Maandiko yenyewe, kila kitabu kikisema kinafanya nini. Luka anaanza kwa kusema amejitafutia habari kwa usahihi kutoka kwa walioshuhudia kwa macho. Paulo, katika 1 Wakorintho 15, anahesabu majina: Kefa, wale Thenashara, Yakobo, na ndugu zaidi ya 500, wengi wao wakiwa hai bado alipoandika. Mtu anayetunga mfano hakuelekezi kwa mashahidi ukawaulize. Kisha anaweka imani yote rehani: kama Kristo hakufufuka, kuhubiri kwetu ni bure. Ninaliamini kaburi tupu kama lilivyoandikwa kwa sababu limeandikwa hivyo. Na ninaisoma Mwanzo 1 kama utenzi wa uumbaji kwa sababu hiyohiyo. Hata Yohane Kalvini, aliyeziamini siku sita kama wewe, alipofika kwenye mwezi kuitwa mwanga mkubwa alisema Musa aliandika kama macho ya watu wa kawaida yaonavyo, na mahali pengine katika ufafanuzi uleule wa Mwanzo alisema anayetaka elimu ya nyota akaitafute kwingine. Tena Mathayo 5:29 inasema jicho likikukosesha uling'oe. Umekuwa mzee wa kanisa muda mrefu na macho yako yote mawili unayo, nami pia. Tulijua Bwana anasema nini bila kufundishwa Ulaya.

SODA NYEKUNDU NA BISKUTI

Kikundi chetu cha sala kiko kijijini, mchungaji anafika mara chache. Tukikosa divai tunaweza kutumia soda nyekundu na biskuti? Yesu alisema "fanyeni hivi", hakutaja kinywaji. (Kijana, Kiteto)

Alitaja, mwanangu. Soma Mathayo 26:29, "uzao huu wa mzabibu". Wakatoliki hawakubali ila mkate wa ngano na divai ya zabibu, Wasabato wanatumia maji ya zabibu yasiyochachuka na mkate usiotiwa chachu, sisi tunatumia divai. Katika tofauti zetu zote mzabibu haujaachwa, na zabibu zinalimwa Dodoma, si mbali na kwenu. Tena kwetu Sakramenti inahudumiwa na aliyebarikiwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo hata mkipata divai msijihudumie. Endeleeni kusoma Neno, kuomba na kula pamoja. Mwandikieni mchungaji mkubaliane tarehe, mmoja wenu aende ofisi ya usharika wiki moja kabla akahakikishe divai na hostia zipo, na wagonjwa wasioweza kutembea muwaandike majina ili siku hiyo wafikiwe nyumbani.